Namna ya Kusanifu Jaribio la Kitabibu Linalopima Muda wa Kunusurika

Mtafiti anayemwendea mtakwimu kwa mara ya kwanza huuliza karibu kila mara swali lilelile: ninahitaji wagonjwa wangapi? Pale ambapo matokeo yanayopimwa ni muda, yaani muda hadi mgonjwa afariki, au hadi saratani irudi, au hadi apatwe na kiharusi, swali hilo limetangulizwa kabla ya wakati wake. La kwanza kuulizwa ni matukio mangapi yanahitajika, kwa kuwa uwezo wa kutofautisha tiba mbili hutokana na matukio yaliyokwisha kutokea. Wagonjwa, miezi ya kuwaandikisha na miaka ya kuwafuatilia ni njia za kuyafikia tu. Jaribio la wagonjwa 5,000 ambamo wamefariki 30 lina taarifa ndogo kuhusu vifo kuliko jaribio la wagonjwa 400 ambamo wamefariki 200. Mwongozo huu unafuata mantiki hiyo kuanzia kulieleza tukio hadi kuuandika mpango wa uchambuzi, na unatumia mfano mmoja wa kubuni ambao hesabu zake msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo.

Lieleze tukio, kisha useme saa inaanza lini

Tukio lazima lielezwe kwa namna ambayo watu wawili wasiojuana, wakisoma faili moja la mgonjwa, watafikia jibu moja. Kifo kwa sababu yoyote ndicho tukio lisilo na ubishi kuliko yote, kwa maana halihitaji kamati ya kulitafsiri. Tatizo ni kwamba katika magonjwa mengi kifo huchelewa, na ndiyo maana watafiti huvutiwa na matukio yanayowahi kutokea, kama vile uvimbe kukua au kipimo cha damu kupanda. Mvuto huo una gharama yake. Katika miaka ya 1980, dawa za encainide na flecainide zilitumiwa kwa wagonjwa waliowahi kupata shambulio la moyo kwa sababu zilituliza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na ilidhaniwa kwamba mapigo yakitulia vifo navyo vitapungua. Jaribio la CAST, lililotoa taarifa yake ya awali mwaka 1989, lilihesabu vifo vyenyewe, likakuta kwamba waliopewa dawa hizo walifariki kwa wingi zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kipimo mbadala kilikuwa kimetii. Wagonjwa walikuwa wanakufa.

Hilo halimaanishi kwamba kifo ndicho tukio pekee linalokubalika. Katika saratani, muda wa kunusurika bila ugonjwa kusonga mbele hutumika sana, na una manufaa pale ambapo wagonjwa wana tiba nyingine nyingi za kufuata baadaye. Lakini msanifu akumbuke kwamba tarehe inayoandikwa hapo si tarehe ugonjwa uliposonga mbele, bali ni tarehe picha ilipoonyesha kuwa umesonga mbele. Kundi moja likipigwa picha kila baada ya wiki sita na jingine kila baada ya wiki kumi na mbili, hilo la pili litaonekana kuchelewa kuzidiwa hata kama tiba hazitofautiani hata kidogo. Kwa hiyo ratiba ya vipimo iwe moja kwa makundi yote, ihesabiwe kwa kalenda tangu siku ya kugawiwa kundi, na isifuate mizunguko ya dawa ambayo inaweza kuahirishwa katika kundi moja na si katika jingine. Wasomaji wa picha nao, inapowezekana, wasijue mgonjwa yumo kundi gani.

Saa ianze kuhesabu siku mgonjwa anapogawiwa kundi. Si siku ya utambuzi wa ugonjwa, ambayo inaweza kuwa miezi mingi nyuma, wala siku ya dozi ya kwanza, ambayo kwa baadhi yao haitafika kamwe. Kosa kubwa zaidi, nalo bado hujitokeza katika rasimu za watu wenye uzoefu, ni kulinganisha muda wa kunusurika wa wagonjwa walioitikia tiba na wale ambao hawakuitikia, saa zao zote zikianza siku moja. Aliyeitikia mwezi wa nne lazima awe alikuwa hai hadi mwezi huo wa nne. Amepewa miezi minne ya bure ambayo mwenzake aliyefariki mwezi wa pili hakuwa na nafasi ya kuipata. Kama swali hilo ni la lazima, chagua siku maalumu baada ya kuanza tiba, tuseme siku ya 90, uwachukue wale tu walio hai siku hiyo, uwapange kwa hali waliyo nayo hapo, kisha uanze kuhesabu kutoka hapo.

Taarifa iliyokatizwa

Siku ya uchambuzi, wagonjwa wengi watakuwa bado hawajapatwa na tukio. Tunachojua juu ya kila mmoja wao ni kwamba alinusurika angalau hadi siku fulani, na baada ya hapo taarifa yake imekatizwa. Mbinu iliyochapishwa na Kaplan na Meier mwaka 1958 huitumia taarifa hiyo nusu bila kuitupa wala kuijaliza kwa kubuni: kila tukio linapotokea, idadi ya waliopatwa nalo hugawanywa kwa idadi ya waliokuwa bado wanafuatiliwa muda huo, sehemu hiyo hutolewa katika 1 ili ibaki sehemu ya walionusurika, na uwezekano wa kunusurika hupatikana kwa kuzidisha masalio hayo moja baada ya jingine. Kipimo cha logi-ranki, kilichopendekezwa na Mantel mwaka 1966, hulinganisha makundi kwa kujumlisha, katika kila siku ya tukio, tofauti kati ya matukio yaliyoonekana na yale ambayo yangetarajiwa kama tiba zingekuwa sawa. Mfano wa Cox wa mwaka 1972, yaani modeli ya kihesabu, ndio unaotupatia kadirio la uwiano wa hatari, ambao maana yake inaelezwa hapa chini.

Vyote vitatu vinategemea sharti moja, nalo ni kwamba kukatizwa kwa taarifa hakuna uhusiano na afya ya mgonjwa baada ya hapo. Anayekatizwa kwa sababu utafiti umefikia siku ya kufungwa hana tatizo. Anayeacha kuja kliniki kwa sababu amezidiwa na hawezi kutembea ni jambo tofauti kabisa, na hakuna hesabu itakayoitengeneza data hiyo kikamilifu baadaye. Dawa ya tatizo hili ni ya kiutendaji: itifaki, yaani mpango rasmi wa jaribio, iamuru kwamba mgonjwa anayeacha dawa aendelee kufuatiliwa, na fomu ya ridhaa itofautishe wazi kuacha tiba na kujiondoa katika utafiti. Sentensi hiyo moja katika fomu ya ridhaa huokoa nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wake wa kuigundua tofauti iliyopo kweli, kuliko mbinu nyingi za kitakwimu zenye majina makubwa.

Matukio mangapi?

Sasa tunafika penyewe. Kasi ya hatari ni kiwango ambacho matukio hutokea kwa wale ambao bado hawajapatwa nayo. Uwiano wa hatari ni kasi hiyo katika kundi la tiba mpya ikigawanywa kwa kasi ya kundi linganishi. Uwiano wa 0.70 unasema kwamba wakati wowote ule, hatari ya aliye katika tiba mpya ni asilimia 70 ya hatari ya mwenzake. Ikiwa uwiano huo haubadiliki kadiri muda unavyokwenda, na wagonjwa wamegawanywa nusu kwa nusu, idadi ya matukio inayohitajika hupatikana kwa kanuni iliyotolewa na Schoenfeld mwanzoni mwa miaka ya 1980:

matukio = 4 × (zα + zβ)² ÷ (logi asilia ya uwiano wa hatari)²

Hapa zα ni 1.96 kwa kosa la aina ya kwanza, yaani kuona tofauti isiyokuwepo, la asilimia 5 la pande mbili, na zβ ni 1.28 kwa nguvu ya asilimia 90 au 0.84 kwa nguvu ya asilimia 80. Katika mfano wetu tunataka kugundua uwiano wa 0.70 kwa nguvu ya asilimia 90. Logi asilia ya 0.70 ni −0.357, mraba wake ni 0.127, jumla ya z mbili ikipigwa mraba ni 10.51, jibu ni matukio 331. Nguvu ikishushwa hadi asilimia 80 yanatosha 247.

Angalia kwamba katika kanuni hiyo hamna idadi ya wagonjwa, hamna urefu wa ufuatiliaji, wala hamna kiwango cha vifo katika kundi linganishi. Kilichomo ni ukubwa wa tofauti unayotaka kuiona, na idadi hubadilika kwa ukali sana ukubwa huo unapobadilika. Kwa nguvu ileile ya asilimia 90, uwiano wa 0.75 unahitaji matukio 508, na uwiano wa 0.80 unahitaji 845. Kutoka 0.70 hadi 0.80, hatua inayoonekana ndogo katika mkutano, mzigo umezidi mara mbili na nusu. Upande wa pili, tofauti ikiwa kubwa mno, matukio machache yanatosha. Jaribio la HPTN 052, lililochapisha matokeo yake mwaka 2011, lilikuwa na jozi 1,763 za wenza, katika kila jozi mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI. Maambukizi 28 yalithibitishwa kimaabara kuwa yametoka kwa mwenza, na kati ya hayo ni 1 tu lililotokea katika kundi lililoanzishiwa dawa mapema. Matukio 28 yalitosha kulimaliza shauri.

Kishawishi basi ni kuandika katika itifaki uwiano mzuri kuliko unaoaminika, ili idadi ishuke hadi kiwango ambacho bajeti inakiweza. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo uwiano ulianza 0.75 asubuhi na kufika 0.65 kabla ya chakula cha mchana, bila ushahidi wowote mpya kuingia chumbani. Uwiano wa kusanifia haupaswi kuwa ule tunaoutumaini. Unapaswa kuwa tofauti ndogo kabisa ambayo, ikithibitika, ingembadilisha daktari namna anavyotibu, kwa kuzingatia madhara na usumbufu wa tiba mpya. Inasaidia kukumbuka kwamba jaribio lililosanifiwa kwa 0.70 likifikisha matukio 331, uwiano utakaoonekana wa takribani 0.80 tayari utavuka mpaka wa thamani ya p (uwezekano wa bahati pekee kutoa tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi) ya 0.05. Kama daktari hatashawishika na 0.80, ni vyema ajue mapema kwamba ndicho anachoweza kuletewa.

Mgao wa wagonjwa nao una bei. Wawili wakipewa tiba mpya kwa kila mmoja wa kundi linganishi, namba 4 katika kanuni inakuwa 4.5, na matukio yanapanda kutoka 331 hadi 372. Si ghali sana, na wagonjwa wengine hukubali kujiunga kwa urahisi zaidi wakijua nafasi yao ya kupata tiba mpya ni kubwa, lakini isitumike kwa mazoea.

Lengo likiwa ni kuthibitisha kwamba tiba mpya si duni kupita kiasi fulani, kanuni ni ileile, ila uwiano unaowekwa ni ule wa mpaka wa uduni, kwa dhana kwamba kwa kweli tiba zinalingana. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu dawa za kisukari na usalama wa moyo, iliweka mpaka wa 1.3. Logi asilia ya 1.3 ni 0.262, na kwa nguvu ya asilimia 90 matukio yanayohitajika ni 611, namba ambayo ilionekana katika mipango ya majaribio mengi makubwa ya dawa za kisukari yaliyofuata.

Kutoka matukio hadi wagonjwa

Hapa ndipo swali la mwanzo linapopata nafasi yake. Tunataka kujua, kati ya wagonjwa watakaoandikishwa, ni sehemu gani watakuwa wamepatwa na tukio siku ya uchambuzi. Hilo linategemea mambo matatu: kasi ya matukio katika kundi linganishi, muda wa kuandikisha, na muda wa kufuatilia baada ya mgonjwa wa mwisho kuingia.

Tuseme nusu ya wagonjwa wa kundi linganishi hufariki ndani ya miezi 12, na kasi ya hatari haibadiliki. Kasi hiyo ni logi asilia ya 2 ikigawanywa kwa 12, yaani 0.0578 kwa mwezi. Kwa uwiano wa 0.70, kasi ya tiba mpya ni 0.0404, na nusu yao wangefariki ndani ya miezi 17 hivi. Tutaandikisha kwa miezi 24 kwa mwendo ulio sawa, kisha tutafuatilia miezi 12 zaidi. Uwezekano wa mgonjwa kuwa amepatwa na tukio, ikiwa kasi ni λ, muda wa kuandikisha ni A na ufuatiliaji wa ziada ni F, ni:

1 − [e^(−λF) − e^(−λ(A+F))] ÷ (λA)

Kwa kundi linganishi jibu ni 0.729, kwa tiba mpya ni 0.606, na wastani wake ni 0.668. Matukio 331 tukiyagawanya kwa 0.668 tunapata wagonjwa 496, sawa na 21 hivi kila mwezi. Tukirefusha ufuatiliaji wa mwisho kutoka miezi 12 hadi 24, wastani unapanda hadi 0.811 na wagonjwa 410 wanatosha. Mwaka mmoja wa subira umewapunguza wagonjwa 86. Uamuzi wa kipi ni bora si wa mtakwimu peke yake: pale ambapo wagonjwa ni adimu, subira hulipa, pale ambapo tiba nyingine mpya zinakuja kwa kasi, jibu linalochelewa mwaka linaweza kukuta swali limekwisha kupitwa.

Wagonjwa wanaopotea huongezewa fidia. Njia ya haraka ni kugawanya 496 kwa 0.95 ikiwa asilimia 5 watapotea, na kupata kama 523, ambayo hufanywa 524 ili makundi yawe sawa. Njia hiyo huzidisha kidogo, kwa sababu anayepotea mwezi wa ishirini alikuwa amechangia miezi ishirini ya hatari, na baadhi ya wanaopotea wangekuwa hai hata hivyo siku ya mwisho. Programu kama gsDesign na rpact, zote zikifanya kazi ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, hukubali kasi ya upotevu moja kwa moja na kutoa jibu lililo sahihi zaidi.

Linaloharibu mipango mara nyingi kuliko upotevu ni kundi linganishi kufanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Wanaojiunga na majaribio huwa na afya bora kuliko wagonjwa wa kawaida, na takwimu za kusanifia mara nyingi hutoka kwa wagonjwa wa miaka iliyopita. Ikiwa katika mfano wetu nusu ya kundi linganishi hufariki ndani ya miezi 18 badala ya 12, basi mwezi wa 36 wagonjwa wetu 496 watakuwa wamezalisha matukio 262 tu, na nguvu itakuwa imeshuka kutoka asilimia 90 hadi 82 hivi. Kinga yake ni kuandika katika itifaki kwamba uchambuzi wa mwisho utafanyika matukio 331 yakifika, si tarehe fulani ikifika. Jumla ya matukio ya makundi yote mawili inaweza kuangaliwa kila mwezi bila mtu yeyote kujua yametoka kundi gani, na kutokana nayo kukadiriwa siku ambayo idadi itatimia. Mfadhili asiyeliafiki sharti hilo aelezwe kwa maandishi kwamba anachonunua ni kalenda, wala hajanunua nguvu ya asilimia 90.

Ugawaji wa nasibu

Sehemu hii inahitaji maneno machache. Wagonjwa wapangwe kwanza katika matabaka ya mambo mawili au matatu yanayojulikana kuathiri sana muda wa kunusurika, kisha ndani ya kila tabaka wagawanywe kwa mafungu yenye ukubwa unaobadilika, ili asiye na ruhusa asiweze kukisia mgonjwa anayefuata ataangukia wapi. Matabaka yakizidi, mengi yatabaki na mgonjwa mmoja au wawili, na faida yote itapotea. Panapokuwa na mambo mengi ya kusawazisha, mbinu ya Pocock na Simon ya mwaka 1975, ambayo hupunguza kutolingana kwa jumla kila mgonjwa anapoingia, hufaa zaidi. Matabaka yaliyotumika katika ugawaji yaingizwe pia katika uchambuzi mkuu.

Uwiano usipokuwa thabiti

Kila tulichokokotoa kinadhani kwamba uwiano wa hatari ni mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Dhana hiyo hushindwa mara nyingi kuliko itifaki zinavyokiri. Tiba zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani huweza kuchukua miezi kabla ya kuonyesha kazi yake. Mistari ya makundi mawili hutembea pamoja, kisha huachana. Katika mfano wetu, tiba ikianza kufanya kazi baada ya mwezi wa sita tu, asilimia 29 ya wagonjwa wa makundi yote mawili watakuwa wamekwisha kufariki kufikia hapo, na vifo hivyo, ingawa vinahesabiwa katika ile 331, havitasema lolote kuhusu faida ya tiba. Hapa ndipo kanuni ya kuhesabu matukio inapohitaji nyongeza: tukio linalotokea kabla ya tiba kuanza kutenda hupunguza tofauti inayoonekana badala ya kuiimarisha, na uchambuzi wa haraka ni mbaya kuliko uchambuzi wenye matukio yaleyale uliosubiri.

Hali ngumu zaidi ni mistari kukatana. Jaribio la IPASS, lililochapishwa mwaka 2009, lililinganisha dawa ya gefitinib na mchanganyiko wa carboplatin na paclitaxel katika aina ya saratani ya mapafu. Uwiano wa jumla wa ugonjwa kusonga mbele ulikuwa 0.74, lakini mistari ilikatana njiani, na sababu yake ilikuwa kwamba ndani ya jaribio mlikuwa na magonjwa mawili: kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR uwiano ulikuwa 0.48, na kwa wasio nayo ulikuwa 2.85. Namba 0.74 haikumhusu mgonjwa yeyote. Mistari ikikatana, jiulize kwanza kama umechanganya watu wa aina mbili, kabla ya kutafuta kipimo cha kisasa zaidi.

Kama kuchelewa kunatarajiwa, kuna njia kadhaa. Kipimo cha logi-ranki kinaweza kupewa uzito mkubwa kwa matukio ya baadaye, lakini uzito huo huchaguliwa kabla ya data kuonekana, na una hatari ya kuipongeza tiba inayoua mapema kwa kuwa walionusurika wanaishi zaidi. Mimi huona ni salama kuongeza idadi ya matukio na kuweka muda wa chini wa ufuatiliaji, kisha kutoa pamoja na uwiano wa hatari wastani wa muda wa kunusurika hadi kikomo kilichotajwa mapema. Katika mfano wetu, kwa kikomo cha miezi 24, wastani huo ni miezi 13.0 kwa kundi linganishi na miezi 15.4 kwa tiba mpya. Tofauti ya miezi 2.4 inaeleweka hata kwa mgonjwa, wala haidai kwamba uwiano uwe thabiti. Hesabu ya nguvu katika mazingira haya ifanywe kwa uigaji wa kompyuta: tengeneza majaribio elfu kadhaa ya kubuni yenye ucheleweshaji wa miezi mitatu, sita na tisa, uyachambue kama itifaki inavyosema, uhesabu ni mangapi yamefaulu.

Kuchungulia kabla ya mwisho

Kamati huru ya kusimamia data na usalama wa wagonjwa inapaswa kuona matokeo njiani, kwa sababu haifai kuendelea kuwapa watu tiba iliyokwisha kudhihirika kuwa duni. Lakini kila uchunguliaji ni nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati. Kama ukichungulia mara mbili kwa kiwango cha 0.05 kila mara, uwezekano wa kosa la aina ya kwanza unapanda hadi kama asilimia 8.

Ratiba ya kuchungulia ihesabiwe kwa matukio, si kwa miezi. Uchambuzi mmoja wa mpito katikati ya safari unamaanisha matukio 166. Kwa mpaka wa Pocock, thamani ya p inayodaiwa ni 0.0294 mara zote mbili. Kwa mpaka wa aina ya O'Brien na Fleming, ukitumiwa kupitia mbinu ya Lan na DeMets ya mwaka 1983 ambayo huruhusu idadi halisi ya matukio kutofautiana na iliyopangwa, ni 0.003 katikati na 0.049 mwishoni. Ninaupendelea huu wa pili. Unadai ushahidi mzito mapema, wakati taarifa ni chache, na mwishoni unakaribia kutogharimu chochote. Katika mfano wetu, ili kusimamisha jaribio kwenye matukio 166, uwiano unaoonekana lazima uwe 0.63 au chini yake, na jaribio linalosimama kwa namba kama hiyo kwa kawaida huwa limebahatika kiasi: kadirio lake hupendeza kuliko ukweli.

Kuhusu kusimamisha kwa sababu hakuna matumaini, mpaka wake uandikwe kuwa ushauri usioifunga kamati, na usiwekwe mapema sana pale ambapo faida inatarajiwa kuchelewa. La sivyo tiba itahukumiwa kabla ya kuanza kutenda.

Mambo ya kuamua kabla ya faili kufunguliwa

Wagonjwa wachambuliwe katika kundi walilogawiwa, wawe wameitumia tiba au hawakuitumia. Wale wa kundi linganishi wanaoruhusiwa kuhamia tiba mpya ugonjwa unaposonga mbele watapunguza tofauti ya vifo inayoonekana, na zipo mbinu za kukadiria ingekuwaje wasingehama, mojawapo ikiwa ya Robins na Tsiatis ya mwaka 1991. Ziwe uchambuzi wa nyongeza, kwa kuwa kila moja inasimama juu ya dhana isiyoweza kuthibitishwa na data yenyewe. Nyongeza ya mwongozo wa kimataifa wa ICH E9, iliyopitishwa mwaka 2019, inadai itifaki iseme waziwazi matukio ya namna hii, kama kuhama, kuacha dawa au kuanza tiba nyingine, yatahesabiwaje katika swali lenyewe linaloulizwa, na msanifu anayeyajibu hayo mapema hukuta sehemu kubwa ya mpango wa uchambuzi imejiandika.

Tukio lisipokuwa kifo, kifo huwa mshindani wake. Mgonjwa aliyefariki kwa ajali hawezi tena kupata kiharusi, na kumtendea kama mtu ambaye taarifa yake imekatizwa tu humfanya Kaplan-Meier azidishe uwezekano wa kiharusi. Uwezekano huo ukadiriwe kwa njia inayotambua matukio shindani. Mfano wa Fine na Gray wa mwaka 1999 hutumika hapo, ilhali kwa swali la kama tiba inaathiri chanzo chenyewe cha ugonjwa, mfano wa Cox wa tukio husika bado unafaa.

Vikundi vidogo vya kuchambuliwa navyo vitajwe mapema na viwe vichache. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, lililokuwa na wagonjwa 17,187 waliopata shambulio la moyo, lilionyesha wazi kwamba aspirini hupunguza vifo. Waandishi wake, kwa makusudi, wakawagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, wakaonyesha kwamba kwa waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani aspirini ilionekana kama yenye madhara kidogo. Kikundi chenye robo ya matukio 331 kina matukio 83 hivi, ambayo kwa uwiano wa 0.70 hutoa nguvu isiyozidi asilimia 40, kwa hiyo kukosekana kwa tofauti ndani yake hakuthibitishi kwamba tiba haiwasaidii waliomo.

Mwisho, weka tarehe ya kukata data, na uitumie kwa wagonjwa wote. Hospitali moja ikiripoti vifo hadi Juni huku ikiwaripoti walio hai hadi walipoonekana mara ya mwisho mwezi Februari, vifo vya miezi hiyo minne vitaingia katika hesabu bila wenzao walio hai, na mstari utashuka bila sababu. Kila mgonjwa aulizwe hali yake ndani ya wiki chache zinazoizunguka tarehe hiyo. Chini ya kila mchoro iandikwe idadi ya waliobaki wakifuatiliwa katika kila kipindi, na muda wa ufuatiliaji ukadiriwe kwa kuigeuza hesabu ya Kaplan-Meier, yaani kukatizwa kukihesabiwa kuwa tukio na kifo kikihesabiwa kuwa kukatizwa. Mpango wote wa uchambuzi utiwe saini na tarehe kabla ya orodha ya makundi kufunguliwa.